Mpiga Ngoma wa Bandani kwa Brian

Jumamosi hiyo jua lilikuwa linazama na mimi nina hasira. Nilimtuma mdogo wangu Kahaso aende banda la video la Brian, pale pale mtaani, anichukulie beseni nililopelekea wateja viazi karai. Alienda, akapotelea huko. Mwanawe Mapenzi, mchanga bado ananyonya, kaniachia mimi. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikaepua karai, nikamfunga mgongoni, nikamfuata mama yake. Maneno ya kumpa nilikuwa nimeyapanga, na yalikuwa makali.

Hapa mtaani kwetu Shika Adabu, kwa Brian siku nyingi ni mpira. Lakini Jumamosi magharibi huwekwa ile filamu. Ni onyesho la muziki la zamani, bendi ya rock ya Wazungu wenye nywele za mabegani, waliorekodiwa jukwaani kabla mimi sijazaliwa. Wazee wa bara waliostaafu kazi za bandarini wameihifadhi yote kichwani. Vijana nao wanaitaka. Mara moja Brian aliiruka akaweka filamu ya mapigano, wakamsusia banda. Hata mimi, nikikaanga viazi vyangu nje, hujikuta natikisa kichwa. Ina utamu wake, siwezi kukataa.

Kahaso hakuwahi kuiona. Mle ndani giza lilimtisha, alikuwa akiishia mlangoni.

Kuna mahali katika filamu ambapo wanabendi wote hutoka jukwaani, abaki mpiga ngoma peke yake. Hapo ndipo nilipowakuta.

Du... du-du... du.

Harufu ikanipokea. Ubani. Sasa kwa Brian hunuka jasho na sigara, nani afukize ubani?

Kahaso alikuwa amesimama mbele ya televisheni. Mabega yalimtetemeka, yakifuata ule mpigo. Wazee walidhani anacheza. Walikuwa wakimpigia makofi.

"Kahaso," nikamwita polepole. "Mtoto analia."

Akageuka. Akamtazama Mapenzi kama mtu anayetazama mzigo wa abiria mwingine kwenye feri.

"Wa nani huyo?"

Sauti ilikuwa nzito. Haikuwa yake.

Hasira yote ikaniishia. Nikaogopa.

Mimi na wazee tulimbeba hadi nyumbani. Filamu iliisha, watu wakaenda zao, Kahaso hakurudi kuwa yeye. Maziwa yalimvuja yakalowesha kanga, lakini yeye mtoto hataki hata kumgusa. Mchungaji alikuja akaomba mpaka akachoka. Tukampa Mapenzi maziwa ya kopo kwa kijiko, akayatema. Kesho yake mtoto alikuwa halii tena, ananung'unika tu. Nilijua tunampoteza.

Nikamwita shangazi Kafedha. Zamani alikuwa mpigaji wa ngoma za kupungia pepo, kisha akaokoka, akaacha. Alimwekea Kahaso mkono begani, akafumba macho, akasikiliza kwa kiganja.

"Pepo huyu alikuwa kwa mama yenu, mpigo wake tukautafuta mpaka akafa," akanong'ona. "Hatukuupata. Mmeutoa wapi?"

Nikamweleza.

"Eddah, nisikilize. Kila pepo ana mpigo wake. Ukiupata, anapanda. Akipanda, unamuuliza jina, unamuuliza atakacho. Unampa, kisha unampigia wa kushukia. Huyo Mzungu wenu kampandisha. Nani alimuuliza kitu?"

Hakuna. Wazee walipiga makofi.

Alasiri hiyo tukampeleka bandani. Brian akafunga mlango, akaweka filamu. Tulisubiri wanabendi watoke.

Du... du-du... du.

Ubani ukajaa.

"Karibu, mgeni," akasema shangazi. "Wewe ni nani?"

"Mgeni wa aliyeniita."

"Tukupe nini ushuke?"

Kahaso akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Yeye ndiye aliyeniita. Na anishushe yeye."

Shangazi akamgeukia Brian. "Mtu huyu anakaa wapi?"

Brian akatikisa kichwa. "Alishakufa, mama. Miaka mingi."

Kwenye televisheni mpiga ngoma aliinua vijiti juu, akacheka. Umati ukamshangilia.

Shangazi akazima ile televisheni mwenyewe. Akavuta ngoma yake, ile aliyoapa hataigusa, akapiga mpigo wa kushukia mpaka viganja vikamvimba. Kahaso alianguka. Alipofumbua macho alisema, "Dada, mtoto yuko wapi?" Mapenzi alinyonya pale pale sakafuni, na mimi nililia bila aibu. Brian akaivunja ile diski, akaichoma moto. Tukajua yamekwisha.

Jumanne asubuhi Kahaso alikuwa uani anafua. Mtaa kimya, hakuna redio wala simu inayolia.

Ubani.

Shati likamponyoka. Mabega yakaanza.

"Wa nani huyo?"

Nilikimbia kwa Brian, karibu nimpige. Akanionyesha simu yake. "Dada Eddah, ile filamu ipo mtandaoni. Watu wanaitazama saa zote, Nairobi, Ulaya, kila mahali. Ningefanya nini? Watu wanaipenda."

Shangazi anadhani pepo hupanda pale mtu fulani, popote alipo, anapoisikiliza ile ngoma kwa moyo wote. Hana hakika. Huja kumshusha, lakini mikono yake imechoka, na kila mara inachukua muda zaidi. Siku moja hatakuwepo. Mimi kupiga sijui, nimejaribu, Kahaso alinitazama tu akacheka kwa ile sauti.

Sasa hivi amekaa hapa mlangoni, ametulia. Ananiita dada. Mapenzi yuko kifuani ananyonya.

Kama unayo hiyo filamu, na najua wengi mnayo, nakuomba. Usiiweke sasa. Ngoja mtoto ashibe.