Picha ya Mtihani wa Nyongeza

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu za chuo cha biashara, studio iliyobanwa kati ya duka la simu na saluni ilifurika watu mpaka nje. Wote walitaka kitu kimoja: picha nne za pasipoti, sasa hivi. Mpiga picha, ambaye wateja walimwita Fundi, alikuwa ameshapiga nyuso thelathini bila kukumbuka hata moja. Ndipo akakaa kwenye kigoda mwanamke mwenye blauzi ya kijani iliyonyooshwa hadi kwenye kola, na kovu lililoshuka kutoka nyusi ya kushoto hadi kidevuni.

“Nikufutie hilo?” Fundi aliuliza, akigusa kovu kwenye kioo cha kompyuta. “Ni dakika moja tu.”

“Kwani ni uchafu?”

Foleni ikacheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Samahani, dada.”

“Nyumba yetu iliungua nikiwa na miaka tisa. Baba alinitoa, akarudi ndani kumtafuta bibi, hakutoka tena. Picha zake zote ziliteketea. Nimebaki na hili.”

“Basi sitaligusa. Leo wala siku nyingine.”

“Siku nyingine? Nani kakwambia nitarudi?”

Alirudi. Mara ya kwanza alisingizia kutafuta bahasha, mara ya pili hakusingizia kitu. Alikuwa karani wa masjala ya hospitali, mwaka wa saba sasa akipanda na kushuka ngazi kufuata mafaili ya wagonjwa, akiona wenye vyeti wanakuja nyuma yake na kupewa meza mbele yake. Fundi alimbatiza Masjala, na kila mchana alimpigia simu.

“Masjala wangu, umekula?”

“Nimekula vumbi la mafaili. Wewe je?”

“Nimeshiba kwa macho. Picha yako iko hapa mezani.”

“Angalia usivimbiwe.”

Ikawa hivyo miezi mitatu, na mtu angeweza kudhani raha haina mwisho. Kisha barua ya chuo ikaja. Masjala alikuwa amepungukiwa alama tatu za kuingia. Waliokosa kwa kiasi hicho waliruhusiwa kufanya mtihani wa nyongeza wa hesabu, wakitaka. Chuo chenyewe kilikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima, masomo ya miaka miwili. Tena hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini, naye alikuwa amebakiza miezi minne. Akikosa safari hii, ndiyo basi.

“Niufanye au nisiufanye?” alimuuliza Fundi siku hiyo, amekaa kwenye kile kigoda.

Fundi alikuwa anafuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi. “Uamuzi ni wako, mpenzi.”

“Najua ni wangu. Nakuuliza wewe unataka nini.”

“Nataka unachotaka wewe.”

Uongo mtupu. Alitaka abaki, alitaka kumuoa, alikuwa ameanza hata kuulizia chumba kikubwa zaidi. Lakini aliogopa kuwa yule mwanamume anayemfungia mwanamke njia, akaona kunyamaza ndio uungwana. Masjala naye akasikia kwamba kwenda kwake na kubaki kwake ni mamoja.

“Mwanamume asiyesema nenda wala baki, mwanangu, anangoja nini?” mama yake alimuuliza wakianua nguo.

“Labda hangoji kitu, mama.”

Kwa hasira hiyo akajaza fomu. Ilidai picha mpya. Fundi alimpiga picha bila utani, naye akakaa bila tabasamu.

Sasa, Fundi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Msimu wa mitihani nyuso zinapokuwa nyingi, alizikusanya kwenye kompyuta na kuzilainisha zote kwa mkupuo: chunusi, madoa, mikunjo, vyote vikayeyuka. Uso wa Masjala ndio pekee aliokuwa akiutenga na kuushughulikia kwa mkono. Siku hiyo aliufungua, akashindwa kuutazama. Aliona anamfungia mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Akausukuma katikati ya nyuso arobaini za siku hiyo, akabonyeza, akachapa bila kuangalia, akaibandika bahasha kwa gundi. Masjala alipoichukua aliituma chuoni vilevile, bila kuifungua.

Asubuhi ya mtihani aliwahi. Alikaa kwenye benchi nje ya lango la shule ya hapo mjini ambako mtihani ungefanyika, amevaa ile blauzi ya kijani, simu mkononi. Alikuwa amejiambia hivi: akinipigia, akasema baki, narudi nyumbani. Saa nzima simu haikulia. Akainuka, akaingia kwenye mstari.

Msimamizi, mama mwenye miwani, alichomoa kadi yake yenye picha kutoka rundo lililoletwa na chuo, akamwangalia yeye, akairudia kadi.

“Huyu si wewe.”

“Ni mimi, mama.”

“Huyu shavu lake halina kitu. Hapa watu wanafanyiana mitihani kila mwaka. Kaa pembeni.”

Masjala aliichukua kadi. Mwanamke aliyemtazama alikuwa na uso laini kama yai. Nyuma yake watu waliendelea kuingia, mmoja mmoja, na penseli zao. Alimpigia Fundi simu.

“Umemfuta baba yangu.”

“Masjala? Unasema nini?”

“Ulitaka nisiende ukakosa mdomo wa kusema. Ukatumia mashine.”

Fundi aliichapa ile picha halisi na kukimbia nayo, kaiacha studio wazi. Alipofika, milango ilikuwa imefungwa. Msimamizi alimwonyesha saa ya ukutani tu. Benchi lilikuwa tupu, na simu ya Masjala haikupokelewa siku hiyo wala zilizofuata.

Baada ya wiki tano Masjala aliingia studio mchana, gauni la kijivu, nywele kazibana nyuma, kovu wazi.

“Picha nne,” alisema. “Za kitambulisho. Nimepata uhamisho, hospitali ya mbali.”

Fundi alipiga picha. Kisha maneno yakamtoka. “Sikukusudia. Nilishindwa kukutazama unaondoka. Nikakutupa kwenye kundi la wengine.”

“Nakuamini. Na nimekusamehe. Niambie kitu kimoja tu: ulitaka niende?”

“Hapana. Nilitaka ubaki. Sikulala nikiwaza neno hilo.”

“Nilikaa nje ya lango saa nzima, simu mkononi, nikilingoja. Ungelisema ningebaki, tena kwa kupenda kwangu. Sasa mtihani umenipita, umri haunisubiri, na wewe hukuniomba.”

“Nakuomba sasa. Baki. Nikuoe.”

Masjala alifuta machozi kwa kiganja, pale juu ya kovu. “Umesema vizuri. Umechelewa tu.”

Fundi alichapa, akakata kwa mkasi taratibu. Masjala aliziangalia kwa muda mrefu.

“Huyu namjua,” alisema. Alitia tatu kwenye pochi, ya nne akaisukuma upande wa pili wa meza.

“Fomu inataka nne,” Fundi alimwambia.

“Wakiidai, nitajua pa kuifuata.”

Akatoka, akapita kati ya watu waliokuwa wakisubiri mlangoni. Fundi aliishika ile picha, akaitazama, safari hii bila kuhamisha macho, mpaka mteja aliyefuata akauliza kama studio imefungwa.