Shuka Kwenye Saa ya Bibi

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chapuchapu alikaa mezani na shangazi yake, katikati ya nyaya za chaja na kikombe cha chai iliyopoa. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa msichana huyo alifanya kila kitu mbiombio, hata kupiga mswaki. Shangazi alikuwa mtengenezaji wa programu za saa za mkononi, zile zenye kioo kama cha simu, naye alikuwa akimfundisha kazi hiyo.

"Kioo cha saa ni kidogo," Shangazi alisema. "Orodha haienei yote. Anayeitumia lazima aisogeze kwa kidole, na lazima ajue kwamba chini kuna kitu zaidi."

Chapuchapu alipewa kazi ya kupanga orodha ya dawa za Bibi za jioni: ya tumbo, ya mifupa, ya macho na ya presha. Tatu zilienea vizuri kwenye kioo. Ya presha ilibaki chini, haionekani. Basi, ili Bibi ajue kuendelea, akaandika neno moja ukingoni: SHUKA.

"Umempa Bibi aijaribu?" Shangazi aliuliza.

Bibi alikuwa chumba cha pili, akisikiliza redio. Lakini nje wenzake Chapuchapu walikuwa wameshaanza kuruka kamba.

"Ndiyo, ameielewa vizuri," Chapuchapu alijibu, akatoka mbio.

Shangazi akaiweka programu kwenye saa ya Bibi.

Wiki hiyo Bibi aliwashangaza. Kila jioni alitandua kitanda chake, na kila asubuhi kamba ya nguo ilijaa mashuka. "Mama, mbona usafi umekuzidi?" Shangazi alimtania. Kisha siku moja Bibi akashikwa na kizunguzungu mlangoni, akaanguka.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akakunja uso. "Presha imepanda sana. Dawa unameza, Bibi?"

"Nameza zote, kama saa inavyoniambia."

Waliporudi nyumbani, Shangazi alifungua droo. Pakiti ya dawa ya presha haikuwa imeguswa.

Chapuchapu angeweza kunyamaza, na pengine lawama ingemwangukia Bibi kwa usahaulifu wa uzee. Kupitia mlango ulio wazi alimtazama Bibi alivyolala chumbani akiwa amefunga macho, akaona aibu.

"Shangazi, nilidanganya. Bibi hakuijaribu."

"Twende kwake atuonyeshe anavyoisoma," Shangazi alisema.

Bibi aligusa saa yake. "Ya tumbo, ya mifupa, ya macho. Halafu shuka."

"Halafu unafanya nini, mama?"

"Si nabadilisha shuka! Nilidhani daktari anataka nilale pasafi. Mikono imeniuma kwa kufua!"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Chapuchapu alicheka pia, lakini machozi yalikuwa yakimtoka.

Jioni hiyo waliliondoa lile neno. Mstari wa dawa ya presha wakauacha uonekane nusu, chini kabisa ya kioo. Wakampa Bibi saa bila kumwambia lolote.

"Kuna kitu kinachungulia huku chini," Bibi alisema, akakisukuma kwa kidole. "Ahaa, presha! Kumbe ulijificha huku!"

"Kuteleza kwenye neno si ajabu, hata mimi ningeteleza," Shangazi alimwambia Chapuchapu. "Ungemwita Bibi siku ile, tungecheka tukarekebisha. Uongo ndio uliolificha kosa mpaka likamwangusha mama yangu. Ukisema umefanya, mwanangu, iwe umefanya kweli."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa kaanue mashuka yangu."

Chapuchapu aliyaanua, akayakunja, akayaweka kabatini.

"Umemaliza?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

Neno "ndiyo" lilishafika mdomoni. Alilimeza, akatoka kutazama. Foronya moja ilikuwa bado inaning'inia mwisho wa kamba.

"Bado, Bibi," alijibu.