Benchi la Nyamai

Asubuhi ya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, huanza kwa kelele. Viwanda vinanguruma, wauza chai wanaita wateja. Katika banda la wachongaji, tezo zinagonga mbao: ko, ko, ko. Nzembi alizizoea kelele hizo. Kwa miaka mingi mumewe Nyamai alichonga, naye akapiga msasa. Nyamai akimaliza twiga, Nzembi alimlainisha mpaka ang'ae. Kisha aliandika namba 41 chini yake. Kila benchi lilikuwa na namba, ili mnunuzi ajue kazi ni ya nani.

Halafu Nyamai akaugua kifua, akafariki. Walimzika kwao Mwala. Nzembi aliporudi Nairobi, alimkuta twiga wa mwisho juu ya benchi. Shingo ilikuwa imetoka, lakini miguu bado ilikuwa ndani ya gogo.

"Nitammalizia mwenyewe," akasema. Na aliweza. Mtu hakai kando ya tezo miaka yote hiyo akabaki mgeni.

Lakini Mativo, mwenyekiti wa kikundi, alimjia akiwa ameinamisha kichwa.

"Pole tena, mke wa Nyamai. Nina neno gumu. Benchi hili halina mwenyewe sasa. Kanuni inasema, likikaa bila mwanachama hadi mwisho wa mwezi, linarudi kwa kikundi."

"Kwani mwenyewe si mimi?"

"Mimi najua ni wewe. Kompyuta haijui."

Nzembi aliketi juu ya gogo. Bila benchi hana kazi. Bila kazi, kodi ya nyumba na chakula cha watoto vitatoka wapi? Alilia, na nani atamlaumu?

Jioni alikwenda kwa Shirleen, jirani yake katika mtaa wa Lucky Summer. Shirleen huandika programu za kompyuta. Yeye ndiye aliyewatengenezea wachongaji tokeni.

"Karibu, mama. Kaa hapa."

"Shirleen, hii tokeni yenu ni mnyama gani? Mimi najua ya stima tu."

"Ya stima unaweka kwa mita, unaitumia, inaisha," Shirleen akasema. "Hii haiishi. Inasema tu kwamba benchi namba 41 ni la fulani. Tumeiweka kwenye blokcheni. Hiyo ni rekodi moja iliyonakiliwa kwenye kompyuta nyingi. Mtu mmoja hawezi kuifuta kisirisiri."

"Sasa mbona haitoki kwa Nyamai ije kwangu?"

"Unamkumbuka yule dalali wa magodoro?"

Nani angemsahau? Alikuwa akingoja mchongaji apate shida. Mtoto akiugua tu, dalali huyo hapo, ananunua benchi kwa bei ya kutupa. Nusu ya banda ikajaa magodoro.

"Ndiyo maana tukafunga mlango," Shirleen akasema. "Tokeni inatoka kwa mwanachama kwenda kwa mwanachama mwenzake tu. Ukiituma kwa mtu ambaye kikundi hakijamkubali, inakataa. Hata awe tajiri namna gani. Na anayeituma lazima awe mwenyewe, kwa simu yake na namba yake ya siri."

"Nyamai alienda na siri yake. Na mimi si mwanachama. Sisi wa msasa hatukuandikishwa."

Shirleen akasema, "Hapo ndipo tulipokosea. Niliuliza kwa mkutano, 'Na mtu akifa je?' Wakanifokea."

Nzembi alikumbuka. Siku ile alikuwa akigawa chai. Mativo alisimama akasema, "Msichana, usituitie msiba!" Watu wakapiga makofi, na swali likaachwa hapo. Nzembi mwenyewe aliweka birika chini ili apige makofi.

"Kwa hiyo si kompyuta iliyoninyima," akasema polepole.

"Kompyuta inalinda mlango tulioujenga sisi, mama. Tukisahau kumwekea mjane njia, yenyewe haitamkumbuka."

"Na wewe huwezi kuibadilisha?"

"Siwezi, na ni vizuri siwezi. Ningeweza peke yangu, dalali angekuja kugonga kwangu. Lakini wanachama wakikubaliana, tunaandika kanuni mpya na kutoa tokeni mpya. Zile za zamani zinazimwa."

Jumamosi wanachama walikutana bandani. Shirleen alisimama kati ya magogo, akaeleza polepole. Kila mwanachama ataje mrithi wake mapema. Akifa, viongozi watatu wathibitishe, kila mmoja kwa simu yake, ndipo tokeni iende kwa mrithi. Kiongozi mmoja peke yake hawezi kuihamisha. Simu ya mtu ikipotea, njia ni hiyo hiyo. Kila mwanachama ataona tokeni imetoka wapi na imeenda wapi.

"Na namba ya siri usimpe mtu," akaongeza. "Hata mimi usinipe."

"Na sisi wa msasa?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Nanyi muandikishwe. Kazi ni moja."

Mativo alitikisa kichwa. "Mengine sawa. Lakini kuandika mrithi nikiwa hai! Huko si ni kujichimbia kaburi?"

Nzembi akasimama.

"Mwenyekiti, Nyamai hakuandika. Alikufa vilevile."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mativo alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mchongaji, imejaa makovu.

"Lile swali nililizima mimi," akasema. "Nisamehe, Nzembi." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Kisha akatoa simu mfukoni. "Shirleen, nionyeshe pa kuandika. Mrithi wangu ni mke wangu."

Wengine wakatoa simu zao. Siku hiyo mkutano ulichelewa kwisha, na chai ilipoa kwenye birika.

Wanachama walimwandikisha Nzembi na kumkubali kuwa mrithi wa Nyamai, viongozi watatu wakathibitisha, na tokeni mpya ya benchi namba 41 ikamfikia kabla ya mwisho wa mwezi. Dalali naye hakukawia. Alimkuta akichonga.

"Pole, mama. Nimesikia uko na shida. Niuzie hili benchi."

Nzembi hakuacha kugonga. "Tokeni haiwezi kuja kwako, kaka, hata mimi nikitaka. Labda uombe uanachama. Tutakuuliza unachonga nini."

Banda zima likacheka. Dalali akaenda zake.

Jioni hiyo Nzembi alimaliza miguu ya twiga. Mmoja ulikuwa mnene kuliko mingine, na Nyamai angemtania kwa hilo. Alimpiga twiga msasa, akampindua, akapuliza vumbi. Chini yake akaandika 41, kama alivyoandika miaka yote. Safari hii hakuwa akimwandikia mtu mwingine.