Hodi ya Kwenye Kaseti

Betri zilikuwa zimeanikwa juu ya jiwe ili zipate nguvu ya jua, lakini ndani ya nyumba redio kaseti ilikuwa inazungumza.

Syokau alisimama uani, ungo wa mbaazi mkononi. Alijiambia labda ni redio ya jirani, ingawa jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya korongo na redio hakuwa nayo. Na sauti yenyewe aliijua. Ilikuwa ya yule mzee wa kwenye kaseti aliyoinunua soko la Kalamba, kaseti isiyo na jina, yenye hadithi ya jini anayezunguka nyumba hadi nyumba akibisha.

"Hodi," sauti ilisema.

"Karibu," akajibu mtoto.

Mwingine angetimua mbio. Syokau hakukimbia, na mimi simlaumu. Ndila, bintiye wa pekee, alikuwa na miaka saba na hakuwahi kutamka neno tangu azaliwe. Kanisa lilimwombea mpaka mchungaji akaanza kupita njia nyingine. Kisha juma lililopita, wakichambua mbaazi huku wakisikiliza kaseti, jini wa hadithini alipiga hodi, na Ndila akainua uso akasema "Karibu," vizuri kabisa, kama mtoto aliyefunzwa adabu. Syokau alilia kwa furaha. Tangu hapo kaseti ilichezwa kila siku, hata betri zikachoka na sauti ya mzee ikawa nzito, ya kujikokota.

Adhuhuri hiyo alikuja Mwanamisi, mzaliwa wa Malindi, ambaye mumewe alikuwa na duka la nguo pale sokoni. Alikuja kuchukua mbaazi alizoagiza. Alifika kizingitini akanusa.

"Mama Ndila, nani amefukiza udi humu?"

"Hakuna mtu. Mimi hata huo udi siujui."

Mwanamisi akamsikia Ndila akiikaribisha redio inayonong'ona, akaitazama, kisha akatazama tundu tupu la betri. Akashusha sauti.

"Hiyo si hadithi, mwenzangu. Huyo anakuja kweli. Mtoto amemfikisha uani tu. Ndani haingii mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa kinywa chake. Na Baba Ndila yuko kazini Mombasa, kwa hivyo mwenye nyumba ni wewe."

"Asi! Lakini mtoto wangu anaongea, Mwanamisi! Unataka nimnyamazishe tena?"

"Anasema neno gani jingine?"

Syokau akaifungua redio, akaitoa kaseti.

Waliichoma kaseti mafigani, na utepe ulipokuwa ukijikunja motoni Ndila alipanua kinywa chake chote, akakaza shingo mpaka mishipa ikamtoka, wala hakutoa sauti. Syokau alihisi kama anamzika mtoto mzima.

"Akibisha mtu leo usijibu," Mwanamisi alimwonya akiondoka. "Chungulia kwanza."

Giza lilipoingia, Syokau alifunga mlango kwa komeo, akampakata Ndila karibu na moto mpaka akalala. Akasikia maganda ya mbaazi yakivunjika nje, taratibu, chini ya miguu myepesi isiyo na viatu, miguu ya mtoto, ikakizunguka kibanda cha mbuzi ambao hawakulia hata mmoja, ikapita chini ya dirisha na kuiacha ile harufu ya udi ikipenya kwenye nyufa, kisha ikasimama mlangoni.

"Hodi," ikasema sauti ya Ndila. "Mama, ni mimi. Fungua, mama, kuna baridi."

Mama. Neno hilo alilisubiri miaka saba. Alimtazama mtoto aliyelala mapajani pake, kinywa kimefumbwa, na aliyakumbuka maonyo yote ya Mwanamisi, na alijua vizuri kabisa ni nani aliyesimama nje, lakini moyo wa mzazi ulikuwa umeshatangulia mlangoni.

"Karibu, mwanangu."

Ndila alikurupuka, akamziba mama yake mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amechelewa. Komeo lilikuwa limeanza kusogea.