Niliuza Ishara za Mdogo Wangu kwa Vicheko

Nina umri wa miaka ishirini na minane, sijaolewa, na ninaishi Sakina. Kazi yangu ni kupokea simu na wageni katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha. Wanaonijua watawaambia mdomo wangu haujui likizo. Naongea mimi, jamani! Lakini mkasa huu niliupata nikiwa nimenyamaza... na hadi leo sijui nianze wapi kuomba msamaha.

Kwetu ni Nkoaranga, juu kwenye miteremko ya Mlima Meru. Baba analima kahawa na migomba. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, akaniachia mdogo wangu wa pekee, aliyekuwa na miaka saba. Nitamwita Elinipa, si jina lake. Elinipa ni kiziwi na hasemi. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, masikio yakaenda moja kwa moja.

Shule ya viziwi hatukuipata. Alisoma hapohapo kijijini kwa kukodolea ubao macho, akaambulia kusoma na kuandika kidogo. Kuongea tuliongea kwa ishara tulizotunga nyumbani, mimi, yeye na mama. Ishara ya mama mwenyewe ilikuwa kupitisha kidole kwenye paji la uso, pale alipokuwa akifunga kilemba. Mama alipozikwa nikabaki mimi peke yangu ninayezijua zote. Baba, maskini, alijua kula, kulala, njoo na ng'ombe. Basi.

Alipofika umri wa kipaimara, mwinjilisti alituambia kwa upole kuwa asiyesikia hafundishiki. Nilimjia juu! Nikamwambia nitakaa naye darasani mwenyewe. Na nilikaa kweli. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka miwili, nilipanda Nkoaranga nikaketi katikati ya watoto kama bibi aliyerudia shule, nikimgeuzia mdogo wangu katekisimu kwa mikono. Mchungaji alikubali kuwa siku ya kipaimara Elinipa atajibu swali moja mbele ya usharika kama wenzake, na mimi nitasema kwa sauti alichojibu. Elinipa alichagua amri ya nne, waheshimu baba yako na mama yako. Aliifanyia mazoezi hadi akiwa anakamua ng'ombe!

Mnaona? Nilikuwa dada mwema. Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Mchumba wangu wa kwanza aliniacha baada ya mama yake kumwona Elinipa na kuuliza kama uziwi uko kwenye ukoo wetu. Tangu siku hiyo, mjini sikumtaja tena. Nilisema nina mdogo wangu, nikaishia hapo. Niliona aibu... Ndiyo, niliona aibu! Kuna faida gani kuficha sasa?

Happy, mfanyakazi mwenzangu, ndiye aliyenipeleka kwa Gody. Gody ni fundi wa magari ya utalii hapahapa Sakina, kijana mpole, mcheshi, na mimi moyo wangu ulianguka siku ya kwanza. Kila Jumapili mchana, garaji ikiwa imefungwa, tulikaa watu watano kuzunguka meza yake kucheza mchezo alioachiwa na mteja mmoja Mzungu. Ni kama igizo lisiloandikwa. Kila mtu anabuni mhusika wake, anaandika kwenye karatasi nguvu zake na udhaifu wake. Gody anasimulia mnapopita na hatari mnayokutana nayo, wewe unasema mhusika wako anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefaulu au ameumia.

Mimi nilikuwa nawaharibia. Nilimsemea kila mtu! Siku moja Gody akacheka, akaniambia, "Dada, hebu tutengenezee mtu bubu angalau tupumzike." Wote wakapiga meza kwa kicheko. Nami kwa kutaka kumfurahisha nikakubali. Mhusika wangu nikamwita Kimya, na sharti likawa kwamba nikitoa neno moja pale mezani, Kimya anapoteza zamu.

Ningeongeaje bila mdomo? Mikono yangu ilijua njia. Nikaonyesha maji. Nikaonyesha hatari. Nikaonyesha njaa. Wenzangu wakabahatisha, wakakosea, wakapatia, wakashangilia. Mchezo ulipoisha, Gody akaniuliza ishara nzuri hivyo nimezitoa wapi.

Nikajibu, "Nimetunga."

Neno moja tu, ndugu zangu! Ningeweza kusema ni za mdogo wangu. Pumzi moja tu ingetosha. Lakini nilimtazama Gody, nikakumbuka swali la yule mama, nikameza ukweli.

Baada ya hapo sikushikika. Wiki hadi wiki nilimvua Elinipa nikamvika Kimya. Anavyoihisi radi miguuni. Anavyokunja pua akionja loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, iliyopitiliza uchachu. Kila nilichotoa kilipigiwa makofi, na mimi ni mtu wa kupenda makofi, sitadanganya. Mwisho nikawatolea mazishi ya mama.

Siku ile ya mazishi Elinipa alisimama kaburini, akapitisha kidole kwenye paji la uso mara nyingi, akajipiga kifua, mdomo wazi, akatoa sauti ambayo yeye mwenyewe haisikii. Niliyaigiza yote pale mezani. Nikasema kwa mikono kuwa Kimya amefiwa na mama. Meza ikanyamaza, Happy akafuta machozi. Ule ukimya ukanitisha. Nikaona nitajulikana! Kwa haraka nikamwangusha Kimya, katikati ya kilio, juu ya mbuzi waliyekuwa wakimswaga kwenye hadithi, nikajifanya mbuzi kanipiga teke. Walicheka hadi wakashika mbavu. Kuanzia hapo ikawa kila Jumapili, "Kimya, tulilie!" Nami nalia, naangukia mbuzi, wanacheka.

Kipaimara kilikuwa Jumapili, na mezani kwa Gody nilikuwa nimesema tu kuwa sitakuwepo kwa sababu ya kipaimara cha mdogo wangu. Jumamosi, siku moja kabla, tulikuwa uani na shangazi zangu tunamenya ndizi, Elinipa akiwa amesukwa nywele, anang'aa kwa furaha. Simu ikaita. Ni Gody! Yuko Tengeru na Happy na wenzetu wawili, wamekuja kunishtukiza na zawadi ya mdogo wangu, niwaelekeze njia. Ningewaambia nini? Nikawaelekeza.

Walipofika, Elinipa alinigeukia akaniomba maji kwa mikono. Happy akapiga kelele, "Jamani! Si ndiyo ishara za Kimya?" Wote wanne wakaanza kuonyesha walizojua. Maji! Njaa! Hatari! Wakicheka, wakishindana.

Na Elinipa... Mungu wangu! Elinipa alifurahi. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na mgeni anayeongea lugha yake. Alidhani nimewafundisha watu wa mjini kwa ajili yake, ili kesho asiwe peke yake. Aliwakimbilia, akawaongelesha haraka haraka, majina ya ng'ombe, gauni lake jeupe, kila kitu. Hawakuelewa hata nusu. Gody, asiye na hatia, akaona afanye kile anachokijua vizuri zaidi. Akapitisha kidole kwenye paji la uso. Akajipiga kifua, akafungua mdomo, akalia kilio kile, akajiangusha kwenye majani akijifanya kapigwa teke na mbuzi. Wote wakacheka.

Mikono ya Elinipa ikasimama hewani. Alimtazama Gody chini pale. Halafu akanigeukia mimi, akauliza polepole kwa ishara. Mama? Umewafundisha wewe?

Gody alikuwa ananiangalia. Shangazi zangu walikuwa wananiangalia.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka na mimi, kama mwizi aliyekutwa ndani ya nyumba ya watu! Elinipa akaingia ndani, akafunga mlango, na sikupata jibu lake lolote siku ile nzima, hata nilipopiga magoti dirishani kwake.

Nilijipa moyo kuwa kesho kanisani itapita. Jumapili akavaa gauni lake, akatembea mbele na wenzake. Kanisa limejaa. Baba kavaa koti alilofungia ndoa. Zamu yake ikafika, nikasimama pembeni yake kama tulivyopanga. Mchungaji akamuuliza amri ya nne, nami nikamgeuzia swali kwa mikono.

Akanitazama. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Nikamuuliza tena. Hakuitoa. Mchungaji akasubiri, mwenye subira yule. Watu wakaanza kukohoa, mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwa sauti ya kutosha kuwa walisema mapema mtoto huyu haelewi. Haelewi! Alikuwa anaijua amri ile kuliko mimi! Ningeweza kudanganya, ningesema amejibu kwa macho. Lakini yeye alikuwa ananitazama tu, mikono nyuma. Mchungaji akasema kwa upole kuwa ataombewa na atajaribu tena mwakani. Wenzake wakawekewa mikono. Yeye akarudi kukaa.

Nyumbani turubai lilikuwa limefungwa, ndizi zimeiva jikoni. Wageni walikula kama watu walio matangani. Baba hakunigombeza. Alinikalisha nyuma ya zizi, akaniuliza kama kuna jambo, nikamweleza yote. Akainamisha kichwa akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu kwake." Heri angenipiga.

Gody nilimwambia ukweli Jumatatu. Aliniuliza mara mbili kama kweli nilisema nimetunga. Alipanda Nkoaranga peke yake kuomba radhi kwa baba, na kwangu hakurudi tena. Sikumlaumu.

Elinipa hajaniongelesha kwa mkono tangu siku ile. Shangazi alimtafutia shule ya viziwi mbali na Arusha, akajifunza lugha ya alama inayotumiwa na viziwi wenzake, na mwalimu akampa mtu wa kumfasiria. Mwaka uliofuata alisimama tena mbele ya usharika uleule. Wiki moja kabla, nilimpigia baba magoti kwenye simu amuulize kama naweza kuja, nikae hata benchi la mwisho. Elinipa alijibu kwa kuandika, baba akanisomea: "Asije. Nina wa kunisemea."

Sikwenda. Nilikaa chumbani Sakina, na saa nne nilijua sasa anaulizwa, sasa anajibu.

Wasomaji wenzangu, mchezo haukuwa na kosa, na kucheza mtu asiyesema si dhambi. Kosa ni langu. Kama una mtu wako asiyesikia, asiyetembea, asiye kama wengine, mtaje kwa jina mbele ya marafiki zako leo. Usimfiche halafu ukamwiga. Atakayekukimbia kwa sababu yake, mwache aende! Mimi nilimshikilia wa kukimbia, nikampoteza wa damu yangu. Nimeanza kujifunza ile lugha yake mpya, Jumamosi asubuhi, kwa mwalimu mmoja hapa mjini. Sijui kama ataniruhusu niitumie kwake. Mniombee.