Karafuu za Apollonia

Jumanne baada ya Pasaka, mwaka 1574, jeli ya miguu ya ndama ilinuka karafuu katika jiko la ngome ya Hohenlind. Hakuna aliyetia karafuu.

Melchior Zwirner, mpishi mkuu, aliinusa tena. Chini ya karafuu palikuwa na harufu ya jino bovu, na harufu hiyo aliijua. Apollonia, mjane aliyemfundisha kupika jeli, alikuwa akishindilia karafuu kwenye jino lake lililooza. Mama huyo alikuwa akionja kwa kijiko na kukirudisha sufuriani na mate yake. Alizikwa majira ya baridi yaliyopita.

Asubuhi hiyo Melchior alikuwa ameanza kumtajia mwandishi wake, Kilian, mapishi ya kitabu kitakachochapwa. Alianza na jeli hiyo, akaamuru iandikwe kwamba ameibuni yeye.

Ngomeni mpishi huonja kwanza, mbele ya mkuu wa meza, msimamizi wa chakula cha mtawala. Anayetema huhesabiwa amekiri kutia sumu, na adhabu yake ni kifo. Mchana Melchior alitia kijiko kinywani, kitu kigumu kikagonga meno yake. Alikigeuza kwa ulimi. Kilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mlikuwa na kitu laini. Mkuu wa meza alikuwa akimtazama koo.

Alimeza.

"Vipi?"

"Chumvi imepungua kidogo, bwana."

Kesho yake alimtajia Kilian mchuzi wa samaki, na jino likawa kwenye mchuzi. Alitaja andazi la nyama, likawa kwenye andazi, limezungushiwa unywele mweupe. Harufu ilipozidi jikoni, kasisi aliitwa, akanyunyiza maji ya baraka mezani. Maji yaliganda kama jeli papo hapo, yakatetemeka, yakanuka. Kasisi alifunga kitabu chake, akaondoka bila kuaga.

Kilian alimsogelea fundi wake, akanong'ona.

"Fundi, kila unachonitajia ni cha yule mama. Tuandike jina lake, mambo yaishe."

"Maiti hapiki wala hasomi. Jina ataliweka wapi?"

"Muulize yeye. Ndiye anayekulisha."

Melchior alimwambia aandike kama alivyoambiwa.

Siku ya karamu ya uchumba wa binti wa mtawala, Melchior alisimama na jeli mbele ya wageni wote, akatia kijiko kinywani, akahisi jino, na nyuma yake jino jingine, na nyuma ya hilo ufizi wenye uvuguvugu uliomshika ulimi kama mtoto anayenyonya, huku usaha wa karafuu ukimtiririka kooni na mkuu wa meza akisogea karibu zaidi, naye akameza, na kumeza, na kumeza, mpaka akaanguka na kijiko mkononi.

Daktari wa ngome alimpasua tumbo mbele ya mashahidi, akitafuta sumu. Hakukuta sumu. Alikuta meno, yakajaza bakuli, yote yameoza, kila moja na karafuu tunduni. Ya Melchior mwenyewe yalikuwa kinywani mwake, kamili.

Vuli hiyo kitabu kilichapwa kwa jina la Melchior peke yake. Mpishi mpya alikifungua kwenye ukurasa wa jeli, akachemsha miguu ya ndama bila karafuu. Mchana alitia kijiko kinywani. Mkuu wa meza akamtazama koo.