Macho Yaliyofumbwa Gitothua

Gramafoni iliibwa Jumamosi mchana, darasa likiendelea, wanafunzi wote wamefumba macho.

Inspekta Kitheka alipopelekewa habari hiyo kituoni Thika, alidhani anachezewa shere. Jumatatu akafika Ruiru, kwenye ukumbi wa Gitothua. Kibandani nyuma ya ukumbi alikuta kuku mmoja tu akiatamia mayai, na vumbi palipokuwa pamewekwa gramafoni.

Kamati ya ukumbi ilikuwa imeshamhukumu Mwalimu Nyawira. Yeye ndiye aliyekabidhiwa gramafoni, basi yeye ndiye aliyeiuza. Isipopatikana, angelala korokoroni na darasa lake la Kiingereza lingefungwa.

“Mbona mlifumba macho?” Kitheka akamuuliza.

“Nilikuwa nawatofautishia hear na listen, kusikia na kusikiliza, afande. Ya kwanza huja yenyewe, ya pili unatia nia. Wanafumba macho, wanasikiliza, halafu kila mtu anataja alichosikia. Anayetaja vingi anapigiwa makofi.”

“Na hakuna aliyechungulia?”

“Tunafumba kama kwenye sala. Hakuna anayefumbua kabla sijasema amina. Hata mimi.”

Kitheka hakumwamini mtu, hata huyo mwalimu mwenye macho mekundu kwa kulia. Akawaita wanafunzi verandani mmoja mmoja, kila mmoja akamuuliza alisikia nini. Waithira, mchuma kahawa mwenye mtoto mgongoni, alisema alisikia garimoshi likipita, basi. Mabati yalitetemeka mpaka hakusikia hata pumzi ya mwanawe. Wengine nao wakasema garimoshi. Inspekta akaanza kuchoka.

Wa mwisho alikuwa Zacharia Gichuru, nyapara na mkalimani wa shamba la kahawa. Alidai huja darasani kuwasaidia wenzake tu, lakini makofi hakupenda yamwendee mwingine.

“Ulisikia nini?”

“Garimoshi, afande. Mabati. Na kuku.”

“Kuku gani?”

“Yule wa kibandani. Alilia sana.”

Kitheka akamsogelea. “Wenzako wote walisikia garimoshi peke yake. Wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Kitheka akaagiza nyumba ya Zacharia ipekuliwe. Askari waliifukua gramafoni nyumbani kwake, chini ya maganda ya kahawa. Wakamrudisha ukumbini, mbele ya wote.

“Gramafoni sikuitaka,” alikiri. “Nilitaka darasa lifungwe.”

“Kwa nini?”

“Mwalimu alisema wiki hii atafundisha may na must.”

Ikabidi akamuliwe ndipo atoe mengine. Kila Jumamosi mzungu wa shamba alitangaza kwa Kiingereza kwamba anayependa anaweza, may, kufanya kazi Jumapili. Zacharia akawatafsiria wachumaji kwamba ni lazima, kana kwamba mzungu ametamka must. Shamba lilijaa watu, mzungu akamsifu, akamfanya mkubwa wa manyapara wote. Wangejua tofauti ya maneno hayo mawili, angekwisha.

Waithira akasogea mbele.

“Siku zote mzungu alisema anayependa?”

Zacharia akaitikia kwa kichwa.

“Mama yangu alizikwa Jumapili,” Waithira akasema. “Nilikuwa shambani nachuma, kwa sababu uliniambia ni lazima.”

Hakuna aliyempigia kelele Zacharia. Kitheka alimfunga pingu bila kumtazama usoni.